Uanze na boksi au na mraba? Njia mbili za kufundisha maumbo bapa na maumbo yabisi

Mwalimu anapofika kwenye mada ya maumbo, uamuzi wa kwanza unamsubiri kabla hajashika chaki. Anaweza kuanza na mraba, mstatili, pembetatu na duara, na wanafunzi wakishayamudu hayo, awapeleke kwenye maumbo yabisi: mchemraba (umbo la dadu), mcheduara (umbo la kopo), pia (umbo la koni, lenye kitako cha duara na ncha moja) na tufe (umbo la mpira). Au anaweza kuanza na vitu vya kushika, yaani boksi, kopo na mpira, kisha awaoneshe maumbo bapa yaliyo juu ya vitu hivyo. Vitabu vingi vya shule hufuata njia ya kwanza. Kwa madarasa ya chini mimi nasimama na ya pili, na sababu zangu nitazitoa hapa. Lakini yapo madarasa ambako ningechagua njia ya kwanza bila kusita, kwa hiyo tuzipime zote mbili, halafu tupime na vifaa vya kufundishia.

Njia zote mbili zina historia ndefu. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyefundisha Aleksandria huko Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliipanga jiometri katika vitabu 13 akianza na nukta, mstari na uso bapa. Maumbo yabisi hayaingii mpaka kitabu cha 11, na yale matano ambayo nyuso zake zote ni sawa, mchemraba ukiwa mmojawapo, ndiyo yanayofunga kitabu cha mwisho. Zaidi ya miaka elfu mbili baadaye Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule za chekechea na kuzipa jina mwaka 1840, aligeuza mpangilio huo juu chini. Watoto wake walianza na mpira laini, wakapewa tufe, mcheduara na mchemraba wa mbao, kisha mchemraba unaogawanyika vipande, kisha vibao vyembamba, kisha vijiti, na nukta zikaja mwisho kabisa.

Euclid alikuwa akipanga uthibitisho. Kila hoja yake ilihitaji kusimama juu ya hoja iliyotangulia, hivyo ilimlazimu aanze na kisichogawanyika. Msomaji wake alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuona matofali na mitungi maisha yake yote. Froebel alikuwa akimpangia mtoto, na mtoto hajawahi kukutana na mstari peke yake. Amekutana na ukingo wa meza. Hajawahi kushika duara. Ameshika mfuniko wa sufuria. Utaratibu unaofaa kuthibitisha si lazima ufae kuanzia.

Ukianza na maumbo bapa

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba inawezekana kila siku, katika shule yoyote. Chaki, ubao, rula na daftari vinatosha. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini katika chumba kimoja anaweza kuchora mstatili mmoja mkubwa na wote wakauona, wakauchora, wakapima pande zake na kutafuta mzingo. Kazi inabaki kwenye daftari, inasahihishika, na mzazi anaweza kuiona. Vipimo vinakuja mapema pia: urefu, upana, pembe, mistari ya ulinganifu, halafu eneo. Kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa Darasa la VII, ambako maswali mengi ya maumbo yako kwenye karatasi na yanajibiwa kwenye karatasi, mazoezi hayo ni ya lazima.

Kasoro yake inajificha, na ndiyo maana inadumu. Karibu kila pembetatu inayochorwa ubaoni imekaa juu ya upande mmoja uliolala. Karibu kila mraba umekaa wima. Mtoto akiona hivyo mara nyingi anajifunza jambo ambalo mwalimu hakukusudia: kwamba kukaa hivyo ni sehemu ya umbo. Mpe mraba uliosimama juu ya kona yake umuulize ni nini, na huenda akakwambia si mraba tena. Jaribio hilo ni la nusu dakika, nami namshauri kila mwalimu alifanye kabla ya kuanza mada, maana litamwambia wanafunzi wake wako wapi. Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walimu wa Uholanzi waliowasilisha tasnifu zao mwaka 1957, walieleza kwamba uelewa wa jiometri hupanda kwa hatua. Katika hatua ya kwanza mtoto hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyomtambua mtu. Katika ya pili anaanza kuona sifa zake: pande nne sawa, pembe nne za nyuzi 90. Baada ya hapo ndipo anaweza kuona kwamba mraba nao ni mstatili. Anayesema mraba uliogeuzwa si mraba bado yuko hatua ya kwanza, na kumwandikia orodha ya sifa ubaoni ni kumpa jibu la swali ambalo bado hajajiuliza.

Tatizo la pili linatokea pale maumbo yabisi yanapoingia. Mchemraba una nyuso sita na zote ni miraba. Uchore ubaoni kwa namna iliyozoeleka, kwa mistari ya nukta nyuma: miraba ni miwili tu, na nyuso nne zilizobaki zimelala upande zikawa misambamba. Mwanafunzi anayehesabu anachokiona atasema mchemraba una miraba miwili, na kwa haki kabisa, kwa sababu ndicho kilichochorwa. Mchoro ule unasomeka vizuri kwa mtu aliyekwisha kushika mchemraba. Kwa asiyewahi kuushika ni fumbo.

Tena majina huvuka mpaka. Mtoto aliyekaa muhula mzima na duara akiletewa mpira ataita duara. Akiletewa boksi ataita mstatili.

Ukianza na vitu vya kushika

Vifaa viko majumbani. Boksi la chaki, kiberiti, boksi la dawa ya meno, kopo la maziwa ya unga, betri ya tochi, mpira, gololi, kifuko cha karatasi cha karanga, pia yenyewe ya kuchezea, tofali. Waambie wanafunzi wavipange kwa kuvijaribu juu ya meza iliyoinamishwa kidogo: kipi kinaviringika tu, kipi kinateleza tu, kipi kinafanya yote mawili. Mpira na gololi vinaviringika kila upande. Kiberiti kinateleza tu. Kopo linateleza likisimamishwa na linaviringika likilazwa, na kifuko cha karanga kinaviringika kwa kuzunguka ncha yake. Hapo wanafunzi wameshatenganisha nyuso bapa na nyuso zilizopinda kabla hujatamka neno lolote la hisabati.

Kisha njoo kwenye hatua ninayoiona kuwa moyo wa njia hii. Tandaza mchanga mbichi kwenye sinia au chini uwanjani, wanafunzi wakandamize vitu vyao na kuangalia alama. Boksi linaacha mstatili. Kopo likisimama linaacha duara. Dadu likigeuzwa upande wowote linaacha mraba uleule, lakini kiberiti kinaacha mistatili ya aina tatu, kila mmoja mara mbili. Tufe likiguswa kidogo tu linaacha kitobo. Sasa umbo bapa limeonekana mahali pake: ni uso wa kitu, alama isiyo na unene, isiyoweza kuokotwa na kutiwa mfukoni. Jambo hili linaleta shida kwenye seti za plastiki zinazouzwa zikiitwa maumbo bapa, kwa sababu pembetatu ya plastiki yenye unene wa nusu sentimita ina nyuso tano, yaani ni mche pembetatu mfupi, umbo yabisi lenye pembetatu mbili na mistatili mitatu. Wanafunzi makini wataliona hilo, na wanastahili jibu la kweli. Jibu ni kuwaelekeza kwenye uso wa juu wa kipande kile.

Kwa mwanafunzi asiyeona, tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa zaidi. Ubao haumwambii kitu. Boksi analihesabia kingo 12 na kona 8 kwa vidole sawa na wenzake, na alama ya mchangani anaifuata kwa kidole.

Njia hii nayo ina udhaifu wake. Inakula muda, inaleta kelele, na kipindi cha dakika 40 kinaweza kuisha wakati makundi ya nyuma bado yanagombania kopo. Vitu vya dukani havikutengenezwa kwa ajili ya hisabati: kopo lina ukingo uliotokeza, chungwa limebonyea, tofali limevunjika kona. Piramidi ni adimu, na pembetatu pia ni adimu kuliko mtu anavyodhani. Tafuta kitu chenye uso wa pembetatu nyumbani kwako uone. Mwalimu atalazimika kutengeneza baadhi. Na yapo madarasa yanayobaki palepale: wanafunzi wanafurahi, wanataja majina yote, lakini hakuna aliyeshika rula. Kushika vitu bila kufika kwenye kupima ni kuiacha mada nusu.

Jambo moja zaidi linaipa uzito njia ya vitu hapa kwetu. Shule nyingi za msingi za serikali Tanzania hufundisha Hisabati kwa Kiswahili, kisha mwanafunzi akiingia sekondari mada ileile inamjia kwa Kiingereza. Aliyekariri majina kutoka ubaoni anaanza upya. Aliyeujua mcheduara kwa kuushika, kuukunjua na kuujaza mchanga ana jina moja tu la kujifunza.

Vifaa: boksi, vijiti, mbao au skrini

Ukishachagua njia, bado kuna swali la kifaa. Kila kimoja kinaonesha jambo fulani na kuficha jingine, na ndicho kigezo ninachopendekeza: chagua kwa kuangalia unataka kionekane nini.

Boksi tupu la karatasi ngumu linaonesha nyuso. Likate kwenye kingo taratibu, likunjue, lilaze mezani, na umbo yabisi limekuwa umbo bapa mbele ya macho ya darasa. Hakuna kifaa kingine kinachounganisha nusu mbili za mada hii vizuri hivyo, tena bure. Eneo la uso, mada inayowasumbua wengi, linageuka kuwa kujumlisha maeneo ya mistatili sita. Darasa la V na kuendelea wape kazi ya kinyume: miraba sita iliyoungana kwenye karatasi, watafute ni mipangilio gani inakunjika kuwa mchemraba. Ipo 11 tu, ukihesabu iliyogeuzwa au kupinduliwa kuwa ni ileile. Miraba sita iliyopangwa kwa mstari mmoja haikunjiki. Wanafunzi watabishana, wakate wajaribu.

Kopo nalo lina somo la aina hiyo. Livue karatasi ya nje kwa kuikata wima, nayo inalala ikiwa mstatili. Upande mmoja ni kimo cha kopo, na upande wa pili ni mzingo wa duara la kitako. Kopo lenye kipenyo cha sm 7 litatoa karatasi yenye urefu wa sm 22, na hapo 22/7, yaani mzingo ukigawanywa kwa kipenyo, inaacha kuwa namba iliyoshuka kutoka mbinguni. Ukiwa na karatasi mbili za A4, viringisha moja kwa urefu na nyingine kwa upana upate micheduara miwili, mrefu mwembamba na mfupi mnene, kisha uliza upi unajaza mchanga mwingi zaidi. Karatasi ni zilezile, kwa hiyo wengi watasema ni sawa. Mnene unabeba karibu sm za ujazo 1,474, mwembamba karibu 1,042.

Vijiti na udongo wa mfinyanzi vinaonesha kingo na kona, na vinaficha nyuso kabisa. Kila kijiti ni ukingo, kila donge ni kona, hivyo kuhesabu kunakuwa kwa uhakika: mchemraba unakula vijiti 12 na madonge 8, piramidi yenye kitako cha mraba vijiti 8 na madonge 5, mche pembetatu vijiti 9 na madonge 6. Ongeza idadi ya nyuso na uwaache watafute uhusiano. Nyuso ukijumlisha na kona, kisha ukatoa kingo, unabaki na 2 kila mara kwa maumbo haya. Mwanahisabati Leonhard Euler aliliandika jambo hilo katika karne ya 18, na mtoto wa Darasa la VI anaweza kulifikia mwenyewe kwa udongo wa bure. Vijiti vina zawadi nyingine. Mchemraba wa vijiti unayumba na kulala upande, piramidi yenye kitako cha pembetatu inakaa imara, kwa sababu pembetatu haibadiliki umbo bila kuvunja upande wake. Ndiyo sababu fundi anapotengeneza kenchi za paa hujaza pembetatu. Watoke nje waangalie paa la darasa lao kama dari halijafunika.

Seti za mbao za kununua au kuchongesha kwa seremala zinadumu miaka, zina vipimo sahihi, na zina maumbo ambayo dukani hayapo. Lakini huwa ni seti moja kwa shule nzima, inakaa ofisini, na inashikwa na mwalimu huku wanafunzi wakitazama. Kielelezo cha mbao kinachotazamwa kwa mbali hakizidi sana mchoro wa ubaoni. Tena hakikunjuliwi. Kama fedha ni ya kuchagulia, ningeiweka kwenye manila, mikasi na gundi.

Skrini inafaa kwa jambo moja ambalo mkono hauwezi: kubadilisha umbo polepole na kulikata kwa uso bapa ili kuona sura ya ndani. Programu ya GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 huko Austria, inafanya hivyo vizuri na haimtozi mwalimu kitu. Kwa sekondari ningeitumia. Kwa Darasa la II isishike nafasi ya boksi, kwa sababu kilicho kwenye skrini bado ni picha bapa.

Kwa ujazo, kifaa ni mchanga na chombo, hakuna mjadala. Tengeneza pia ya manila inayolingana na kopo la kipenyo cha sm 7 na kimo cha sm 12: chora duara lenye nusu kipenyo cha sm 12.5, kata kipande chenye pembe ya nyuzi 101 hivi, acha ukingo mdogo wa gundi, kisha kunja. Pia hiyo ikijazwa mchanga na kumiminwa mara tatu, kopo linajaa. Kwa hesabu, kopo ni sm za ujazo 462 na pia ni 154. Wanafunzi walioona kopo likijaa kwa mara ya tatu hawaisahau ile theluthi moja iliyo kwenye kanuni ya ujazo wa pia.

Tufe liache mwisho, njia yoyote utakayofuata. Halikunjuliwi. Maganda ya chungwa hayalali mezani bila kuchanika, na mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alithibitisha mwaka 1827 kwamba hakuna namna ya kuulaza uso wa tufe bila kuuharibu vipimo. Kama ukuta wa darasa una ramani ya dunia, itumie hapo: kwenye ramani za mtindo wa Mercator, Greenland inaonekana kukaribia ukubwa wa Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Somo la maumbo limeingia kwenye Jiografia bila kulazimishwa.

Uchague ipi, basi

Chekechea na Darasa la I hadi la III: anza na vitu, bila ya shaka, na maumbo bapa yatokane na alama za vitu hivyo. Hata kama una wanafunzi wengi, afadhali makundi kumi yenye boksi mojamoja kuliko mchoro mzuri ubaoni. Waache wavigeuze vitu kila upande ili mraba uliosimama kwenye kona usiwe mgeni.

Darasa la IV hadi la VI inategemea lile jaribio la mraba. Wakikwama, rudi kwenye vitu kwa vipindi viwili vitatu kisha uendelee. Wakipita, anza na bapa na kupima, ila ukifika kwenye maumbo yabisi usichore chochote mpaka wawe wamekunjua boksi. Mchoro wa mchemraba uje baada ya hapo, wakijifunza kuuchora wenyewe huku boksi likiwa mezani.

Darasa la VII na sekondari, anza na bapa. Wanahitaji eneo, mzingo na nadharia ya Pythagoras kabla ya ujazo wa piramidi, na muda wa mtihani hausubiri. Hata mche na piramidi wanaweza kuzifikia kwa kukokotoa. Lakini kipindi cha pia, kopo na mchanga usikiondoe.

Na kama una vipindi viwili tu kwa mada nzima, jambo linalowapata walimu wengi muhula ukielekea mwisho, tumia cha kwanza kwa mchanga na alama, cha pili kwa boksi la kukunjua pamoja na rula. Waagize siku moja kabla kila mwanafunzi aje na boksi tupu la aina yoyote. Wachache watasahau, kwa hiyo kusanya mapema maboksi ya chaki ya ofisini.